Wakili asiye na mafunzo ya kesi za watoto azuiwe kumtetea mtoto?

Mleta mada, wakili, Dar es Salaam

Wakuu, heshima kwenu. Najua mawakili wenzangu watanirukia, ila acha niseme. Wakili anayetaka kumtetea mtoto aliyeshtakiwa apitie kwanza mafunzo maalumu na apewe cheti. Asiye nacho mahakama imwambie akae pembeni.

Leo hii leseni ni moja tu. Mtu anashinda wiki nzima akiandaa mikataba ya viwanja, Ijumaa anaingia Mahakama ya Watoto Kisutu kumtetea mtoto wa miaka 11. Hajui kwamba chini ya miaka 10 mtoto hana hatia kabisa kisheria, na kwamba kati ya 10 na 12 ni upande wa mashtaka unaotakiwa kuthibitisha kuwa mtoto alikuwa na uwezo wa kujua anachofanya ni kosa. Asipoudai uthibitisho huo, nani mwingine ataudai?

Sheria ya Mtoto ya 2009 ni nzuri. Kesi inasikilizwa faragha, afisa ustawi wa jamii anakuwepo, na kifungu cha 119 kinakataza mtoto kupewa kifungo cha jela. Lakini yote hayo yanamfaa aliyetambuliwa kuwa ni mtoto. Hati ya mashtaka ikiandika "miaka 19", kijana anapelekwa njia ya wakubwa. Kwenye shtaka la kubaka, mtu mzima anakabiliwa na miaka 30 au zaidi. Mvulana wa miaka 18 au chini, kwa kosa la kwanza, kifungu cha 131 cha Kanuni ya Adhabu kinataja viboko tu. (Viboko ni ugomvi mwingine, tusiufungue hapa.) Miaka 30 au fimbo, na kinachoamua huenda ni kadi ya kliniki iliyoko kijijini kwa bibi yake. Aliyefundishwa anaitafuta siku ya kwanza. Asiyefundishwa analikumbuka suala la umri kwenye rufaa, kijana ameshakaa gerezani miaka.

Halafu kuna kukiri. Watoto wetu wamelelewa kumwitikia mkubwa. Ukimuuliza, "Ulichukua hiyo simu?" anajibu, "Ndiyo." Kwamba aliazimwa na mwenye simu, hujauliza, naye hatasema. Akisomewa shtaka anasema "ni kweli", kesi imeisha asubuhi ileile.

Mchangiaji, wakili, Kigoma

Mleta mada, unaongea kama mtu wa Dar. Huko mawakili wamejaa hadi wanagombania wateja. Njoo Kibondo au Kakonko unioneshe wakili wa kumzuia. Ukiweka sharti la cheti, mafunzo yatafanyika hotelini Dar au Arusha, ada italipwa na mwenye nazo, na mtoto wa huku atasimama peke yake mbele ya hakimu.

Usiniambie wasaidizi wa kisheria wataziba pengo. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua, wanatoa ushauri na elimu, wanaandika barua, lakini mahakamani kutetea hawaruhusiwi. Wakili asiyejua sana ni bora kuliko kutokuwa na wakili.

Mchangiaji, afisa ustawi wa jamii, Mbeya

Wakili wa Kigoma, hilo la mwisho mimi sikubali. Nimeona wakili akija mahabusu ya watoto, anasimama koridoni, askari yuko hatua mbili, anamuuliza mtoto, "Haya, ilikuwaje?" Mtoto anamwangalia askari kwanza ndipo ajibu. Anachosema pale hakina maana yoyote, ila wakili anakiandika na ndicho anachokwenda nacho mahakamani. Huyo ni hatari kuliko kutokuwepo, kwa sababu hakimu akiona wakili yupo anadhani mambo yako sawa.

Kingine kinachoniudhi: taarifa ya uchunguzi wa kijamii. Tunaandika mtoto anaishi na nani, kaacha shule lini, nani anaweza kumpokea. Mawakili wengi wanaikumbuka hukumu ikishatoka, wakati ingesaidia kwenye dhamana. Hakimu anasita kumwachia mtoto wakati hajui atalala wapi. Mimi ninaye shangazi aliyeko tayari, nina namba yake, nina barua ya mtendaji wa kata. Wakili hajanipigia hata simu.

Kwa hiyo mafunzo nayataka, ila si ya kukaa darasani kusomewa vifungu. Walete mahabusu ya watoto, wapeleke Irambo kwenye shule ya maadilisho, wakae na sisi siku kadhaa.

Mchangiaji, mama mzazi, Temeke

Samahanini wasomi, mimi sheria siijui. Mwanangu alikamatwa na wenzake kwa kuvunja duka. Nikatafuta wakili nikamlipa. Tangu mwanzo mpaka mwisho aliongea na mimi. Mtoto yuko palepale, anaambiwa "kaa kimya kijana, mama ataeleza". Mimi nataka yaishe, namwambia wakili mtoto akiri tu, atasamehewa. Mtoto anasema hakuingia dukani, alikuwa nje. Wakili kanisikiliza mimi.

Swali langu: wakili ni wa nani hapo? Wangu ninayelipa au wa mtoto?

Mleta mada

Mama, wa mtoto. Unayelipa umemsaidia, ila maelekezo ya kesi yanatoka kwa anayeshtakiwa, na wakili alitakiwa kukaa naye nyinyi wote mkiwa nje ya chumba. Mzazi ana haki ya kuwepo mahakamani, hilo halina ubishi. Kuamua mtoto akiri au akatae si sehemu ya haki hiyo.

Mchangiaji, mwendesha mashtaka mstaafu, Morogoro

Vijana, mnakimbia sana. Mtoto wa miaka 12 atamwelekeza nini wakili? Kwetu mzazi ndiye msemaji wa mtoto, hata posa anapokea yeye. Leo mnataka atolewe nje ya chumba!

Na hili la umri msilipake asali. Nimekutana na majibaba yenye ndevu, yamekuja na kadi ya ubatizo ambayo wino haujakauka. Mkishafundisha mawakili wote kuanza na umri, kila kesi ya kubaka itageuka kesi ya kupima umri kwa meno na mifupa, na binti aliyeumizwa anasubiri. Huyo naye ni mtoto, na humu sijaona anayemtaja.

Mchangiaji, wakili, Kigoma

Mzee, shikamoo. Hapo kwa binti umenena. Ila kadi ya kughushi ndiyo sababu mahakama inafanya uchunguzi wa umri, inaita wazazi na daktari. Haikubali karatasi kwa kuitazama tu. Na kijana mkweli asiye na kadi je? Huku kwetu wengi wamezaliwa nyumbani.

Kuhusu mzazi, nina mfano unaokupinga. Baba amempeleka mwanawe polisi kwa kuiba pesa za nyumbani. Baba huyohuyo ndiye mlalamikaji, ndiye shahidi, na ndiye anayekaa karibu na mtoto mahakamani. Awe msemaji wake vipi?

Mchangiaji, Mombasa

Ndugu zangu, naingia kwa ukarimu wenu. Huku Kenya tumepata Sheria ya Watoto ya 2022, umri wa kushtakiwa umepanda kutoka miaka 8 hadi 12, na mpango wa kumwondoa mtoto kwenye njia ya korti sasa umo ndani ya sheria yenyewe. Tumefurahi. Lakini nenda korti uone kesi za mvulana wa miaka 17 na msichana wa miaka 16, wapenzi. Msichana ni mlalamishi, mvulana ni mshtakiwa, wote wadogo. Mwaka 2019 majaji wa Mahakama ya Rufaa walisema wazi wakati umefika nchi ijadili umri wa ridhaa, yaani umri wa mtu kuweza kukubali mapenzi kisheria. Bado twajadili. Umfunze wakili mpaka achoke, sheria ikiwa ngumu atafanya nini? Msitwike mafunzo mzigo wa bunge.

Mleta mada

Ndugu wa Mombasa, kweli, ila hata kwenye sheria ngumu kuna kazi. Maelezo ya onyo, yale mtuhumiwa anayoandikwa polisi, yalichukuliwa mzazi au afisa ustawi akiwepo? Huyo kijana analala na watu wazima rumande? Hayo hayasubiri bunge.

Afisa wa Mbeya, nimekusoma, na wa Kigoma pia. Cheti cha hotelini nakiondoa mezani. Uingereza tangu 2018 mawakili wanaoitwa barrister wanaofanya kazi kwenye mahakama za vijana wanajisajili na kutamka kuwa wana ujuzi unaotakiwa, na mdhibiti wao anaweza kuwauliza. Kwetu tuanze hapo. Somo liwe la lazima Law School, kila wakili mpya analo kabla hajaapishwa, awe anakwenda Kibondo au Posta. Waliotangulia walipate kwenye mafunzo endelevu, kwa simu kwa walioko mbali. Mikoa yenye mawakili wa kutosha sharti lianze mapema, Kigoma isubiri.

Mchangiaji, wakili, Kigoma

Kigoma isubiri! Kwa hiyo mtoto wa Dar atetewe na aliyefundishwa, wa kwetu apate yeyote? Mkuu, nilikuwa nimeanza kukubaliana na wewe, sasa umenirudisha nilikotoka. Kama ni lazima, iwe lazima kote, na serikali ilipe. Wakili anayeteuliwa na mahakama kwenye kesi ya mauaji analipwa kidogo mpaka nauli anatoa mfukoni. Anzeni na hilo.

Mchangiaji, afisa ustawi wa jamii, Mbeya

Wakati mnagawana mikoa, mwenye kesi ya mtoto wiki hii ampigie afisa ustawi wa halmashauri yake kabla ya siku ya dhamana. Hiyo haihitaji cheti wala bajeti.