Hilux ya 1KZ inatetemeka ikifika 80, na enjini imefungwa sawa kabisa kwa pima maji

Mdau_Mzumbe:
Wakuu, habari za majukumu. Nina Hilux ya zamani ya springi (za bapa) mbele na nyuma, ilikuwa na enjini ya 3L. Nimeiwekea enjini ya 1KZ-TE iliyotoka kwenye Toyota Surf, pamoja na giaboksi na transfa yake (boksi la kugawa nguvu mbele na nyuma). Mautingi za chasi (vikalio vya enjini) zimetengenezwa gereji kwa bati la mm 6, na propela ya nyuma (shafti ya kupeleka nguvu kwenye difu), ya kipande kimoja, imekatwa na kuchomelewa upya. Fundi aliweka pima maji juu ya tapeti kava (mfuniko wa juu wa enjini), akapanga mpaka povu likatulia katikati. Kwa macho imependeza. Shida ni kwamba ikifika 80 nikiwa nimekanyaga mafuta, sakafu nzima inatetemeka, kioo cha ndani hakionyeshi kitu. Nikiachia mafuta, mtetemo unapungua. Tairi zimebalansiwa, krosi (viungo vya kupinda kwenye ncha za propela) ni mpya. Nianzie wapi?

Kijana_Gerezani:
Propela haijabalansiwa hiyo. Ipeleke, mambo yaishe.

BabuSpringi:
Kijana, propela isiyo na balansi haijali kama umekanyaga au umeachia, inatikisa tu kufuata spidi. Huyu anasema akiachia unapungua. Hapo mimi naangalia mlalo wa enjini na wa pua ya difu (pale propela inapoingia) kabla sijatoa hela ya balansi.

Mdau, kwanza simamisha gari, weka huru, pandisha mzunguko wa enjini ufike ule ule wa spidi 80. Ikitulia, mautingi zako hazina kesi. Kisha chungulia masikio ya krosi (panda zinazoishika) kwenye hiyo propela iliyokatwa: ya mbele na ya nyuma lazima yaelekee upande mmoja. Aliyechomelea akikosea hapo, hakuna pembe itakayokuokoa.

Yakiwa sawa, nipe vipimo vitatu: mlalo wa giaboksi, wa propela na wa pua ya difu. Simu yenye programu ya kupimia mlalo inatosha, ila ibandike kwenye uso uliochongwa kiwandani, si kwenye tapeti kava. Na gari isimame kwa tairi zake, na mzigo wako wa kawaida nyuma. Ukipima ekseli ikiwa inaning'inia juu ya jeki, umepima gari nyingine.

Mdau_Mzumbe:
Shikamoo Mzee. Enjini haitetemeki ikiwa imesimama. Masikio yameelekea upande mmoja. Giaboksi inashuka kwenda nyuma nusu digrii, propela inashuka digrii 6, pua ya difu imetazama juu digrii 4.

BabuSpringi:
Marahaba. Jibu umelipata mwenyewe. Krosi ya mbele inapinda 6 toa nusu, yaani 5.5. Ya nyuma inapinda 6 toa 4, yaani 2. Krosi ikipinda haitoi mzunguko ulio sawa: kila mzunguko mmoja inaharakisha mara mbili na kuchelewa mara mbili. Ya nyuma ipo ili ifute fujo ya mwenzake, na haiwezi kufuta ya 5.5 ikiwa yenyewe imepinda 2. Ukikanyaga, springi zinajikunja, pua ya difu inapanda zaidi, ya nyuma inakaribia sifuri na tofauti inakua. Ukiachia, pua inashuka. Ndiyo maana unasikia nafuu.

Enjini ya gari ya difu ya nyuma haikutengenezwa ilale kama meza. Nyingi zinashuka kwa nyuma digrii kama 3, na mimi nikiona povu la pima maji katikati najua mtu amefunga enjini kabla hajaitazama difu.

Usiguse mautingi za mbele, maana ukiinua enjini utakutana na boneti na feni itapanda kwenye rejeta. Shusha krosimemba ya giaboksi (chuma cha kukingama kinachoibeba). Hesabu: digrii 1 kwa urefu wa mita 1 ni kama mm 17.5. Kutoka mautingi za mbele hadi ya giaboksi ukikuta sm 90, ukishusha mm 30 unapata karibu digrii 2. Giaboksi itakuwa 2.4, na propela nayo italegea mpaka kama 4.6. Krosi ya mbele inabaki na 2.2. Hapo pazuri. Mimi nataka chini ya 3, lakini si sifuri, maana sindano za beringi zisipocheza zinachimba mashimo palepale.

Halafu pua ya difu ishuke kutoka 4 hadi 1 na nusu hivi. Nimeiacha na digrii chache kuliko giaboksi makusudi, springi zikijikunja itapanda yenyewe. Kwa hiyo unahitaji kabari ya digrii 2 na nusu kati ya springi na ekseli.

Mdau_Mzumbe:
Upande mnene wa kabari unakaa wapi? Na mbele niweke pia?

BabuSpringi:
Kwako springi iko juu ya ekseli, kwa hiyo mnene utazame mbele ya gari, unasukuma pua chini. Itafute ya chuma, ya alumini inapondeka ukibeba mzigo. Tazama kichwa cha senta bolti (inayofunga majani ya springi katikati) kama bado kinaingia kwenye tundu lake, kwa sababu kabari inakiinua, na kisipoingia ekseli itatembea.

Mbele usiweke. Ekseli ya mbele ukiizungusha unavuruga kasta (mlalo wa mhimili wa kugeuzia tairi), steringi itakuwa nyepesi na haitarudi yenyewe baada ya kona. Propela ya mbele ukiwa lami na habu (za kuunga tairi za mbele na ekseli) zimefunguliwa haifanyi kazi, iache na digrii zake.

Krosimemba usiichomelee moja kwa moja. Weka vipande vya mm 30 kwa bolti ndefu, endesha na mzigo, pima tena. Angalia pia liva ya transfa isiguse sakafu. Yubolti (zinazobana springi kwenye ekseli) kaza upya baada ya safari ya kwanza ya mzigo, ndipo uite mchomeleaji.