Logo ya Adidas ya jani na ile ya mlima, ipi ndo ya zamani?

raba_kali: Wakuu habari zenu, nimeokota traksuti ya mtumba ina lile jani kifuani, raba zangu zina ile mistari mitatu iliyopangika kama mlima, sasa washkaji wananibishia eti ya jani ni feki. Ukweli upi?

mzee_wa_spoti: Jani sio dalili ya feki mkuu. Lilitoka mwanzoni mwa miaka ya 70, mlima umekuja miaka ya 90, kachora Peter Moore, yuleyule aliyedizaini Air Jordan 1 akiwa Nike. Siku hizi jani liko kwenye Originals, ile laini ya Adidas ya nguo na viatu vya mitindo ya zamani. Ila zote zimezaliwa na ile mistari, na hapo ndo pana utamu, Adi Dassler alikuwa fundi viatu pale Herzogenaurach, Ujerumani, kasajili kampuni 1949, na zile ngozi tatu ubavuni zilishonwa zishike kiatu kisitanuke mguu ukikaza, urembo ulikuja baadaye.

dada_mitumba: Usiwasahau Karhu, kampuni ya viatu vya michezo ya Finland, walikuwa na mistari mitatu kabla yao, wakawauzia Adidas baada ya Olimpiki ya Helsinki 1952, na wenyewe Karhu wanasimulia kwamba kwenye malipo kulikuwa na chupa mbili za wiski! Baadaye Karhu wakaja na herufi M kama nembo yao.

raba_kali: Aisee asanteni sana, nimelisogeza jani karibu na macho kumbe kwa chini limekatwa na mistari mitatu, miaka yote sijawahi kuiona.