Naomba ushauri: komba na wasio na mkia nitawaelezaje?

Habari zenu ndugu. Mimi ni mwalimu hapa Kisumu, na mwezi ujao tunapeleka klabu yetu ya wanyamapori msitu wa Kakamega. Juzi nilikuwa nawaandaa watoto kuhusu wanyama wa jamii ya kima (primates) nikakwama.

Mbega hakunisumbua. Nilikunja gumba langu kiganjani nikawaambia huyu karibu hana gumba kabisa, anashika tawi kwa vidole vinne kama ndoana, na tumbo lake lina vyumba vya kuchachushia majani. Basi wakaanza kunyang'anyana kalamu bila gumba, darasa likageuka soko la Kibuye.

Shida ni komba (bushbaby). Nilisema yuko upande mmoja na lemuri wa Madagaska: pua yenye unyevu, macho makubwa ya usiku, na ukucha wa kuchania manyoya kwenye kidole cha pili cha mguu. Mwalimu mwenzangu akacheka, eti huyo ni kindi tu.

Halafu msichana mmoja akauliza: Ekembo, yule mnyama wa kale ambaye mabaki yake yalipatikana kisiwa cha Rusinga, wa miaka kama milioni 18 iliyopita, hakuwa na mkia, sasa tumwite nani? Nyani ana mkia. Sokwe wao wanamjua kama chimpanzii tu. Nikajifanya kengele imelia.

Mliofundisha haya, kundi zima la wasio na mkia (apes) mnaliitaje kwa Kiswahili? Na komba wa usiku, mnammulika kwa tochi nyekundu au ya kawaida? Nina watoto 22 na tochi 3.