Mkanda wa makaa ya mawe mlimani Mbinga: majivu 36%, tuchoronge au tuache?

mchimbaji_mpya: Wakuu, kijito kimekata mlima na kuacha wazi mkanda wa makaa wenye unene wa mita 2.3. Mteremko ni nyuzi 25 hivi, mkanda umeinama nyuzi 10 kuelekea ndani ya mlima. Sampuli ya usoni imetoka maabara na majivu 36% (uzito usioungua), joto kilokalori 4,000 kwa kilo. Mnunuzi anataka 5,500. Tuendelee?

Karoo_Kusini: Sampuli ya usoni haihukumu mkanda. Makaa yaliyopigwa jua na mvua yameoza: yanashika maji, joto linashuka, na udongo ulioingia kwenye nyufa unahesabiwa kama majivu. Chimbeni mtaro mpaka mfikie makaa magumu yanayong'aa. Ukipita mita 1.5 kwenda chini, zuieni kuta kwa magogo. Kisha kateni sampuli kutoka dari la mkanda hadi sakafu, na kila utepe wa tope gumu uwe na mfuko wake, maana makaa ya Karoo (miamba ya kale ya kusini mwa Afrika) hayakosi tepe hizo. Mifuko ya nailoni miwili miwili, ifungwe hapo hapo.

Cheti kisomeni vizuri. Makaa ya 5,500 yakipimwa yamekauka hadi unyevu 3%, yakifika kwa mnunuzi yana unyevu 9%, yanabaki kama 5,160. Ugomvi mwingi wa bei unaanzia hapo.

Mpima_Miamba: Mimi kinachonitia shaka ni huo mwinamo kuliko majivu. Mlima unapanda, mkanda unashuka. Ukiingia mita 50 tu, juu ya makaa kuna kama mita 32 za mwamba. Mita moja ya mraba ya mkanda inatoa tani 3.2 (mita 2.3 mara uzito wa 1.4), kwa hiyo pale unaondoa mita za ujazo 10 za kifusi kwa kila tani. Wastani kutoka usoni hadi hapo ni 5 kwa tani. Dizeli itakula faida.

Basi shimo la kwanza la kuchoronga liwe mita 50 ndani, la pili mita 100, mengine pembeni kufuata mkanda. Mkiokota chini ya 95% ya makaa kwenye bomba la kuchorongea, rudieni shimo: kinachopotea ni makaa laini, kinachobaki ni tope, na majivu yatadanganya. Shimo moja likikosa mkanda msiseme umeisha. Bonde la Ruhuhu, lenye makaa haya ya Mbinga, limekatwakatwa na mipasuko ya miamba. Huenda umeshushwa tu.

mchimbaji_mpya: Na ungeinama kuelekea bondeni?

Mpima_Miamba: Kifusi mita 50 ndani kingekuwa mita 14.5, nafuu kabisa. Ila ukiukata mguu wa mlima, matabaka yanateleza juu ya tope lililolowa. Kazi hiyo haifanyiki Novemba hadi Aprili.

Karoo_Kusini: Na makaa mkishayatoa msiyarundike ovyo. Rundo legevu linavuta hewa na kujiwasha lenyewe. Shindilieni kwa tabaka nyembamba, lisizidi mita 3. Likifika nyuzijoto 60 ndani, litawanyeni. Kulimwagia maji ni kazi bure.