Vitabu vya poka: nimwamini bingwa au mtu wa hesabu?

KopaTisa: Wakuu, nataka kitabu kimoja tu cha poka cha kunitoa huku chini, nimebaki na viwili kichwani, Super/System cha Doyle Brunson na The Theory of Poker cha David Sklansky. Brunson kabeba ubingwa wa dunia mara mbili mfululizo, 1976 na 1977, huyu mwingine sifa yake kubwa ni hesabu. Moyo unaniambia nimfuate bingwa, maana fundi si ndo aliyeshika kombe? Mnaonaje

mzee_wa_chipu: Kombe lisikuzubaishe mkuu. 1976 shindano zima lilikuwa na watu 22, mwaka uliofuata 34. Na mara zote mbili mkono uliomaliza kazi, yaani karata alizoshika, ulikuwa 10 na 2, takataka kabisa. Sisemi Brunson hajui, jamaa kala kwa karata maisha yake yote, nasema kombe halikwambii kama mtu anajua KUELEZA. Af hicho kitabu hakuandika peke yake, michezo mingine aliwaachia mafundi wake, Mike Caro yumo, Chip Reese yumo, na huyo huyo Sklansky unayemlinganisha naye kaandika sura mle ndani 😂

BintiShupaza: Kwa hiyo anachagua kati ya Sklansky na Sklansky hahaha

Mi nilishaliwa na kitabu cha mtu simtaji, jalada kombe tupu, ndani hadithi za alivyomsoma mtu macho. Siku hizi nafungua kurasa za hesabu kwanza namkagua mwandishi. Mfano una kopa nne baada ya flopu (karata tatu za kwanza mezani), unasaka ya tano, zimebaki kopa 9 kwenye karata 47 usizoziona, karata inayofuata una kama 19% ya kuipata, ukisubiri zote mbili 35%. Poti (hela zinazogombewa mezani) ina 100, mpinzani kaweka 50, ukilipa inakuwa 200, hela yako 50 ni robo, unahitaji nafasi ya 25%. Mwandishi akikwambia lipa tu una 35%, bila kusema kwamba ukikosa jamaa atapiga dau tena na utatoa hela mara ya pili, funga kitabu. Sklansky hapo humshiki, ana sura nzima ya jambo hilo. Ila anasomeka kama mtihani, jiandae kusinzia.

Dau_Dogo: mbona hamumtaji Dan Harrington?? Bingwa 1995, 2003 akawa wa tatu kati ya watu 839, 2004 wa nne kati ya 2,576, hiyo nayo utaiita bahati? Na vitabu vyake vimejaa mikono ya mfano, anakuuliza ungefanyaje ndo anajibu

mzee_wa_chipu: Harrington namkubali, ila vile vya kwanza ni vya mashindano, na vimezeeka. Enzi zile unafungua dau kwa mara tatu nne ya blaindi kubwa, lile dau la lazima, leo tangu solva zije, programu za kukokotoa mchezo bora, wengi mashindanoni wanafungua kwa mbili na kitu. Namna anavyofikiri bado dhahabu, namba zake usizikariri.

KopaTisa: Jamani niseme ukweli, Super/System nilishaiagiza wakati nawasubiri 🙈 hiyo sura ya Sklansky ni ya mchezo gani?

mzee_wa_chipu: Stadi ya karata saba, ile ya kugawana poti mkono wa juu na wa chini. We unacheza nini?

KopaTisa: holdem tu, ile ya karata mbili mkononi

BintiShupaza: 😂😂😂