Manesi mnaofanya kazi ya kea (kuhudumia na kulea) kwa wazee, tupeane uzoefu

Wakuu habari za majukumu. Niko Mwanga hapa Kigoma mjini, nina diploma ya uuguzi na ukunga na leseni ya Baraza la Wauguzi na Wakunga ninayo, ajira za serikali zikitoka naomba ila bado sijabahatika. Sa hivi namhudumia bibi mmoja aliyepata kiharusi, nyumbani kwake, watoto wako Dar na mshahara wananilipa wa dada wa kazi. Kazi naipenda na bibi nampenda, ila ninachofanya pale ni uuguzi, namgeuza kila masaa mawili asitoke vidonda vya kulala, napima presha, wakati wa kula namkalisha wima asije akapaliwa maana kumeza kwake sio kwa kawaida tena. Juzijuzi nikaona mdomo umekauka, mkojo mchache na umekolea, alafu anachanganya majina kuliko siku zote, nikawapigia wanae kwamba bibi apelekwe hospitali apimwe, wakanijibu subiri kwanza tuulize mtu anayejua. Jamani iliniuma sana. Anayejua si ndio mimi niliyekaa nae hapa?

Naomba mliosoma unesi mkawa mnafanya kazi ya chini ya cheti chenu, huku kwetu au nje, mnaishije nayo?

*Mdau wa Tabora:*
Pole mdogo wangu. Mi nilikuwa kituo cha wazee, nimeandikwa mhudumu, kazi kuogesha, kulisha na kufua mashuka. Nesi mmoja, jioni anaondoka. Kulikuwa na mzee wa sukari alfajiri anatoka jasho anatetemeka, dalili za sukari kushuka, mashine ya kupimia imefungiwa kabatini, akiwa anameza vizuri nampa maji ya sukari kwanza alafu nampigia nesi, na kila kitu naandika kwenye daftari langu, saa ngapi, nimeona nini, nimempigia nani. Uongozi ukaja juu kwamba nani kaniruhusu, nikafungua daftari wakasoma. Andika dada, kila siku andika.

*Wa Kasulu, niko Uingereza:*
Mi niko nyumba ya wazee huku kama kea, niliingia kabla hawajafunga viza. Leseni ya Tanzania huku haikupi uuguzi mpaka usajiliwe na NMC, yaani baraza la wauguzi la huku, kuna mtihani wa kompyuta unaoweza kuufanyia nje, kuna OSCE wa vitendo huo lazima uje huku, na mtihani wa kiingereza wa IELTS ni 7 kila sehemu isipokuwa kuandika wanakubali 6.5. Kuna siku mzee katheta (mpira wa mkojo) imeziba, tumbo limejaa, anaugulia, na mimi najua kabisa cha kufanya ila kazi yangu ni kumwita nesi na kusimama pembeni, hiyo hali hakuna anayekuandaa nayo. Nilichojifunza ni kumripotia nesi kinesi, sio "mzee hajisikii vizuri", unamwambia mkojo haujatoka tangu saa fulani na tumbo chini limekuwa gumu, anakuja mbio. Alafu hii wengi hawaijui, tangu 2023 NMC wanapokea uthibitisho wa kiingereza kutoka kwa mwajiri ukiwa umefanya kazi kama hii huku mwaka mzima na mafunzo yako yalikuwa kwa kiingereza, mi ndio njia niliyoshika.

Na mlioko nyumbani sikilizeni, viza mpya za kea kwa watu wa kutoka nje zilifungwa Julai 2025. Mtu akikufata hapo Kigoma anataka hela akupeleke kuwa kea Uingereza, mkimbie. Ya unesi yenyewe bado ipo.

*Mdau wa Nzega:*
Leseni usiache ife, tafuta pointi za CPD (mafunzo ya kujiendeleza) hata kama hakuna anayekuita nesi. Rafiki yangu aliiacha, nafasi ilipotokea akaanza kuhangaika kuihuisha huku wenzake wanaripoti kazini.

*Mleta mada:*
Ahsanteni sana wapendwa. Bibi alipelekwa mwishowe, ilikuwa UTI na maji yamepungua mwilini, yuko kwenye dozi anaendelea vizuri. Daftari nimeanza leo. Na wanae nimewaambia tukae tuandikiane mkataba wa kumuuguza mgonjwa nyumbani, kwa hiyo mwenye mfano wa mkataba wa hivyo naomba aniwekee hapa, hasa kile kipengele cha nani anaamua mgonjwa aende hospitali.