Gitaa la satini: naweza kuling'arisha liwe kama kioo bila kuliharibu?

Kijana_wa_Kodi

Habari zenu wakuu. (Kodi ni zile za muziki, msije mkadhani nakusanya mapato.)

Nina gitaa la akustiki ambalo nimelipiga mwaka wa nne sasa. Uso wake ni sprusi, mgongo na mbavu ni mahogani, na lote lina laka ya satini, ile isiyong'aa. Sauti yake sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni na sura. Pale ninapoegemeza mkono wa kulia pamejing'arisha penyewe hadi naona taa ya chumbani ikijiakisi. Mgongoni, linapogusa kifua, napo pana duara linalong'aa ukubwa wa sahani. Kwingine kote pamefifia. Likisimama kwenye stendi utadhani mtu kapiga kiwi kiatu kimoja.

Nikawaza: kama mkono wangu umeling'arisha bila kukusudia, je nikikusudia? Rafiki yangu anasema nichukue kampaundi ya magari, ile ya kusugulia rangi, nimalize kazi jioni moja. Mwingine anasema nipige msasa namba 2000 kisha polishi. Wa tatu anasema nilipulizie laka mpya.

Naomba ushauri kwa mliowahi kufanya. Litafika kung'aa kama kioo? Sauti itaharibika? Na shingo niiguse au niiache?

Randa_Kavu

Kabla hujashika kitambaa, jua kwanza una satini ya aina gani, maana ziko mbili na hazifanani hata kidogo.

Laka inang'aa kwa sababu uso wake umenyooka. Mwanga ukigonga uso ulionyooka unarudi wote upande mmoja, ndiyo maana unajiona. Ukigonga uso wenye mikwaruzo au vinundu unatawanyika, na jicho linaona ukungu. Sasa, kuna satini ambayo asili yake ni laka ya kung'aa kabisa, fundi akaikwaruza mwishoni kwa msasa laini au sufi ya chuma ili ifubae. Hiyo ukiisugua vizuri inarudi kuwa kioo, kwa sababu chini ya mikwaruzo kuna laka safi.

Aina ya pili, ambayo ndiyo magitaa mengi ya kiwandani, laka yenyewe imechanganywa unga laini sana wa silika. Chembe zile zinafanya uso uwe na vinundu usivyoviona kwa macho. Ukisugua unavilaza vya juu, na ndicho mkono wako ulichofanya kwa miaka minne. Lakini unga umo ndani ya tabaka lote, toka juu hadi chini. Kwa hiyo utapata nusu ya mng'ao: taa utaiona, ila kingo zake zitakuwa na ukungu. Usugue mpaka uchoke, kioo hutakipata.

Angalia vizuri hapo pa mkono. Ukiweka kidole karibu, unaona picha yake kali au iliyofifia? Hilo ndilo jibu la swali lako la kwanza, na limeshaandikwa kwenye gitaa lako.

NyuziSita

Wakuu msimtishe kijana. Langu nililipiga kampaundi ya magari kwa sponji ya duara kwenye drili, saa moja tu, mpaka leo linawaka. Asubuhi nalitumia kunyolea ndevu.

Bi_Solfa

@NyuziSita hongera, ila wewe ulibahatika. Mimi nilitumia drili na sponji hiyo hiyo, na sikubahatika.

Uso ulikwenda vizuri, nikapata kiburi. Nikahamia mbavuni, pale kiunoni linapobonyea, sponji ikapanda kwenye ukingo. Sekunde mbili. Laka ilikuwa imekwisha pale, na mbao nyeupe ikanitazama. Kilichonimaliza zaidi ni kwamba rangi ya kahawia niliyokuwa naisifia haikuwa ya mbao, ilikuwa imechanganywa kwenye laka. Ilipoondoka laka, rangi ikaondoka nayo. Hadi leo pana mstari mweupe kama kovu, na kila anayelishika anauliza liliangukia wapi.

Sababu ni hii: laka kwenye kingo huwa nyembamba kuliko katikati, kwa kuwa laka mbichi inaikimbia kona kali. Na drili inazalisha joto. Joto linalainisha laka, sponji inaanza kuing'ang'ania badala ya kuteleza, na hapo mkono wako hauwahi.

Kijana, kama ni lazima, tumia mkono. Polepole.

Kijana_wa_Kodi

@Randa_Kavu nimeangalia. Picha ya kidole naiona ila imefifia, kama kioo cha bafuni baada ya mtu kuoga maji moto. Basi langu ni la silika.

@Bi_Solfa pole sana dada. Drili nimeirudisha kabatini.

Ila bado natamani hata huo mng'ao nusu, mradi uwe sawa gitaa zima. Nifanyeje kwa mkono?

Fundi_Shingo

Nakujibu kama mtu anayefanya kazi hii kila wiki.

Kwanza unene. Laka ya gitaa la akustiki lililofanywa vizuri ni kama unene wa karatasi ya kuandikia, takriban milimita 0.1. Ya satini mara nyingi haifiki hapo, kwa sababu kiwanda kinapaka mara chache na hakihangaiki kuinyoosha. Kwa hiyo huna akiba. Wazo la kuanza na msasa namba 2000 juu ya satini ya kiwandani mimi siliafiki. Msasa ni wa kunyoosha laka nene, na wewe huna nene.

Pili, jua ni laka gani. Fungua kitufe cha mkanda kule chini, pale panapofunikwa na kitufe chenyewe. Gusa kwa pamba yenye spiriti kidogo: ikianza kunata, ni shelaki. Isiponata, gusa kwa thina ya laka: ikilainika, ni nitroselulosi. Ikikaa kimya kote kuwili, ni poliyurethani au jamaa zake. Poliyurethani ni ngumu na inavumilia kusuguliwa. Nitroselulosi ni laini, na joto linaichokoza upesi. Jaribio hili ni la mahali pa kujificha tu, usije ukalifanya usoni!

Tatu kazi yenyewe. Ondoa nyuzi. Futa gitaa lote kwa nafta, ile petroli nyepesi ya kujazia viberiti, mbali na moto na dirisha likiwa wazi. Jasho na mafuta ya miaka minne yakibaki, utakuwa unasugua uchafu. Ziba tundu la sauti kwa kadibodi. Ubao wa vidole na daraja ni mbao tupu, zizungushie tepu ya karatasi ya mafundi rangi, maana polishi nyeupe ikiingia humo utaichokonoa wiki nzima. Tepu uibandue taratibu ukiilaza nyuma, usiivute juu. Nembo ya kichwani usiiguse kabisa. Mara nyingine imebandikwa juu ya laka na polishi itaifuta.

Kisha anza na dawa iliyo pole kuliko zote. Chagua kipande cha mgongo, upana wa kiganja, polishi tone la ukubwa wa harage, kitambaa cha pamba, dakika tano za kuzungusha mkono. Futa, angalia kwa taa ya ubavuni. Kama haijabadilika ndipo upande kwenye kampaundi ya wastani, halafu umalizie na ile laini. Kwenye kingo pita mara moja kisha uondoke. Kitambaa kikianza kutoa rangi ya kahawia au njano, simama hapo hapo, unaifuta rangi ya laka.

Soma chupa. Polishi nyingi za magari zina silikoni. Inang'arisha, sikatai, ila siku ukitaka kupaka laka upya, laka mpya itaikimbia kama maji juu ya kitambaa chenye mafuta na kuacha vishimo vya duara. Wengine tutakaolitengeneza baadaye tutakulaani.

Shingo iache. Watu wanalipia ili shingo zao zifubazwe, wewe unataka kuing'arisha! Laka inayong'aa inanata kiganja kikitoa jasho.

NyuziSita

Sawa mafundi, mmeshinda. Nimekwenda kuangalia ukingo wa langu kwa tochi. Sisemi nilichokiona.

Mti_Mkavu

Mbona hakuna aliyejibu kuhusu kupulizia? Kung'aa kunaamuliwa na tabaka la juu kabisa. Ukipaka laka ya kung'aa juu ya satini, iwe na silika au isiwe nayo, juu patang'aa. Kwa hiyo kioo kinawezekana kwa njia hiyo.

Ila mahogani ina vitundu vilivyo wazi, na gitaa la satini kwa kawaida havijazibwa. Laka ya kung'aa itavionyesha vyote, mgongo utaonekana kama ngozi iliyochomwa sindano. Kuviziba ni tabaka juu ya tabaka, na msasa kati yake. Mgongoni sawa. Usoni unaongeza uzito kwenye ubao ambao kazi yake ni kutikisika, na hapo ndipo sauti inapoweza kuguswa. Kusugua kwa polishi hakuondoi kitu cha maana, sauti itabaki ile ile. Kupaka tabaka nene usoni ni habari nyingine.

Na kama ni poliyurethani, laka mpya haiyeyuki ndani ya ile ya zamani, inashika kwa mikwaruzo tu. Wengi hutanguliza shelaki isiyo na nta kama gundi ya katikati. Kwa mtu wa mara ya kwanza, mimi singeshauri.

Ngoma_Kimya

Piga gitaa mkuu. Miaka mingine minne litang'aa lote lenyewe.

Kijana_wa_Kodi

Nimerudi baada ya wiki mbili, samahani kwa ukimya.

Jaribio la kitufe: spiriti haikufanya kitu, thina nayo haikufanya kitu. Kwa hiyo poliyurethani au jamaa zake. Nikafanya mgongo wote kwa mkono, jioni tatu, kwa sababu bega liligoma siku ya kwanza. Kipande cha majaribio polishi laini ilikuwa inakipapasa tu, nikapanda kwenye kampaundi ya wastani. Matokeo ni kama alivyosema Randa_Kavu. Dirisha naliona mgongoni, ila mbao zake zimeungana na anga. Lile duara la kifuani halionekani tena, na hilo ndilo lililokuwa linaninyima usingizi.

Tatizo: kwenye vitundu vya mahogani pamejaa vidoa vyeupe, mamia, kama unga. Nimefuta kwa kitambaa, wapi.

Fundi_Shingo

Ni kampaundi iliyokauka. Mswaki laini wa meno, nafta kidogo, piga kufuata urefu wa vitundu, si kukatisha. Futa mara moja kabla haijakauka tena. Itabidi urudie mara mbili tatu. Usitumie maji, yataingia humo humo kwenye vitundu na mbao itavimba.

Bi_Solfa

Na usoni je?

Kijana_wa_Kodi

Mswaki umefanya kazi dada, vimebaki vichache karibu na kisigino cha shingo ambavyo naviona mimi tu.

Usoni nilishapachika tepu na kumimina polishi kwenye kitambaa. Kisha nikaangalia ukingo pale mkono unapopanda, nikaona njano ya laka imeshapauka kuliko pengine, na sikuwa nimesugua chochote. Nikabandua tepu. Nyuzi nimerudisha jana. Pale pa mkono pataendelea kung'aa peke yake, na nikipiga napafunika.

NyuziSita

Unauza hiyo kampaundi iliyobaki?

Bi_Solfa

Usimuuzie.